Bomba la M na B

Jumatatu, 7 Julai 2025
Mama mkwe amefika jana kutoka Migato kutibiwa magoti. Kwa mila zetu haingii bafu ninamooga mimi mkwewe, wala hatutazamani usoni. Analala nyumba ndogo ya uani, ananawa kwenye bomba la nje. Asubuhi hizi maji yanauma. Leo amemwambia mke wangu Nyamizi kwamba vidole vinakufa ganzi, hivyo Jumapili anarudi kwao, na Nyamizi ataenda naye kumtunza mpaka mvua za kwanza. Mpaka mvua za kwanza! Mimi sijui hata chumvi inakaa wapi.

Nimepata dawa. Bomba la nje lenye maji ya moto na ya baridi yanayochanganyika.

Jumanne, 8 Julai
Nimepandisha pipa juu ya jiko la matofali. Kuni ni miti ya pamba kutoka shambani Kasoli. Mabomba mawili, koki mbili, mdomo mmoja. Masunga, fundi bomba jirani yangu, amechungulia juu ya ua bila kualikwa. Amesema maji ya baridi yana nguvu kuliko ya pipa na yatayarudisha yalikotoka, niweke valvu ya kuzuia. Wivu tu. Hakuitwa kazini, kinamuuma.

Jumatano, 9 Julai
Nimefungua koki zote mbili. Maji ya baridi yamepanda mpaka pipani, pipa likafurika, moto ukazimika, majivu yakatiririkia mahindi aliyoanika Nyamizi. Ameanza kukunja khanga zake na kuziweka kwenye begi. Roho imeniuma sana.

Jioni nimenunua valvu. Masunga nimemwambia wazo lilinijia usingizini.

Ijumaa, 11 Julai
Linafanya kazi! Maji vuguvugu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Nilisimama pale nikinawa mikono iliyokuwa safi.

Tatizo moja: siwezi kumweleza mama mkwe ana kwa ana. Nimepaka herufi kwenye koki kwa rangi nyekundu. M ya moto, B ya baridi. Kusoma anajua, Biblia yake ya Kisukuma haimtoki mkononi.

Jumamosi, 12 Julai
Asubuhi nilijibanza nyuma ya banda la kuku nishuhudie ushindi wangu. Mama mkwe alizisoma herufi kwa utulivu. Kisha akapeleka mkono kwenye M peke yake. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa Kisukuma baridi ni mbeho, naye M ameisoma kama maji ya baridi aliyoyazoea. Na pipa lilikuwa linachemka.

Kumwita siwezi. Kujitokeza siwezi. Nikakohoa. Akasita, kisha akashika koki tena. Nikakohoa kwa kifua chote mpaka kuku wakatawanyika. Akaiacha koki, akaenda zake upesi. Vidole vimepona, na heshima imebaki.

Baada ya saa moja Nyamizi ameniletea kikombe cha mizizi iliyochemshwa. Kichungu hadi masikioni. Ameniambia mama amesikia kifua changu na amesikitika, mtu wa namna hii haachwi peke yake. Safari imeahirishwa mpaka nipone.

Jumapili, 13 Julai
Hawakuondoka. Nyamizi amezirudisha khanga kabatini huku akiimba. Amemwonyesha mama yake koki, na mama amenawa maji vuguvugu mpaka kwenye viwiko, akasema mkwe wake ana akili ila mapafu hana. Nimefurahi kuliko siku niliyoposa.

Mizizi ni asubuhi na jioni. Masunga, aliyeona yote juu ya ua, amenishauri niseme ukweli, nipumzike. Wivu. Wakati wa chai nimekohoa kidogo, wasije wakasahau.

Na ile kasoro ya herufi nimeimaliza mwenyewe, bila fundi. Nimeifuta B iliyoleta utata wote. Sasa koki ya moto ina M ya Kiswahili, ya baridi ina M ya Kisukuma. Kila mtu amepata lugha yake.