Mama Akibonyeza Kitufe Anampata Nani

Jumatatu, 11 Novemba. Bilele.

Mvua tangu asubuhi. Ziwa limemezwa na ukungu, mji wote kama umefunikwa shuka. Hakuna mteja wa kutoa kopi. Nimekaa kwenye kaunta nikimwaza Mama.

Wiki nzima hajanipigia. Leo nimejua sababu. Dada yangu Joviana alipita kununua bahasha. Akaniambia, huku akikung'uta mwavuli juu ya karatasi zangu, kwamba yeye anaongea na Mama kila jioni. Kila jioni!

Niandike vizuri nilivyodhulumiwa. Baba alipofariki, Mama alibaki peke yake kijijini Izigo. Macho yake hayaoni tena maandishi ya simu. Joviana akampelekea kompyuta ya mezani yenye Windows. Ikiwaka tu, inampigia Joviana kwa video. Mimi nikasema mashine ni nzito, nikaongeza Linux pembeni. Hiyo ikiwaka, inanipigia mimi. Kompyuta moja, mifumo miwili. Ukibonyeza kitufe inatokea orodha, inakusubiri sekunde kumi uchague. Mama hachagui, anaogopa kuharibu. Anashika rozari na kungoja, na mfumo uliowekwa kuwa wa kuanza unajiwasha wenyewe. Kwa hiyo anayeuweka huo ndiye mwenye Mama.

Oktoba yote ilikuwa yangu. Mama hukaa karibu mno na kamera, basi nilikuwa naona paji la uso tu, na juu yake picha ya Bikira Maria ukutani. Nililipenda paji lile. Nililisimulia mpango wangu wa mabwawa ya samaki, moja baada ya jingine hadi bondeni, na lenyewe likawa linapanda na kushuka kama linakubali.

Sasa Joviana amepeleka fundi. Windows imepandishwa juu kwenye orodha na ndiyo inayoanza. Amenieleza bila aibu hata kidogo.

Kesho naenda Izigo.

Jumanne, 12 Novemba.

Nimeshinda.

Nilimwambia Mama nimemletea sukari. Kweli nilimletea. Akafurahi, akanipa kisu nimenye ebitoke. Nikamenya ndizi moja, nikasema nasikia kompyuta imeingia vumbi. Akaniacha, akaenda kibanjani, kwenye shamba la migomba, kuangalia kahawa yake.

Nikafungua mipangilio. Orodha ni rahisi: ya kwanza Windows, ya pili Linux, ya tatu kipimo cha kumbukumbu ya mashine, kitu ambacho hakitumiwi na mtu. Mahali pa kutaja mfumo wa kuanza paliandikwa 0. Nikacheka peke yangu. Fundi gani huyo, sifuri ni mfumo gani? Nikafuta, nikaandika 2. Nikahifadhi.

Nikaizima ili niiwashe tena nihakikishe. Umeme ukakatika. Nikabaki mbele ya kioo cheusi nikisikiliza matone yakidondoka kwenye majani ya migomba. Nilijiona mle ndani, kwa mbali, kama mtu aliyeko chini ya maji. Mtu mwenye akili. Nikaona hakuna haja ya kungoja umeme. Mbili ni mbili.

Jumatano, 13 Novemba.

Jioni nilifunga duka mapema. Nikavaa shati la Misa. Nikaiweka simu imeegemea kopo la gundi, nikakaa mbele yake, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Mama juu ya bwawa la tatu.

Giza likaingia. Hakupiga.

Joviana ameshapeleka fundi tena. Sina shaka.

Alhamisi, 14 Novemba.

Nilimpigia Joviana nimnase. Nikamuuliza kwa upole Mama anaendeleaje. Akanijibu kwa ukali kwamba swali hilo nijijibu mwenyewe, si mimi ndiye niliyemnyakua Mama? Tangu Jumanne yeye hajamwona.

Nilisikia mvua ya upande wake na mvua ya upande wangu.

Simu ndogo ya Mama haipatikani; huwa anaisahau kwenye kabati bila chaji. Nikampigia jirani yake, Mwalimu Rutaihwa, mstaafu. Akasema Mama mzima kabisa. Jana jioni alimkuta ameketi mbele ya kompyuta na rozari mkononi. Alipomsalimu, Mama alimwonyesha kwa kidole anyamaze. Leo asubuhi hivyo hivyo.

Joviana ameomba ruhusa kazini. Kesho tunakwenda wote, kwa gari lake.

Ijumaa, 15 Novemba.

Njiani hatukugombana. Hili naliandika kwa kuwa si la kawaida.

Tuliingia bila kubisha. Chumba kilikuwa cha buluu. Kioo kizima buluu, na namba nyeupe zikitembea polepole, zikifika mwisho na kuanza tena. Kipimo cha kumbukumbu! Mama alikuwa ameketi mbele yake, uso wake wote umepakwa ile rangi. Nilikuwa nimesahau kwamba chini ya paji la uso ana macho na kidevu.

Joviana akaniuliza kwa kunong'ona niliandika namba gani. Nikamwambia. Akanitazama kwa huruma, jambo lililoniuma kuliko kugombezwa. Kumbe mashine inaanza kuhesabu na sifuri. Sifuri ndiyo ya kwanza, moja ndiyo ya pili. Mbili yangu ilikuwa ya tatu.

Nikanyoosha mkono niizime. Mama akanizuia.

"Iache, waitu, mwanangu. Mwalimu amenisomea. Inajaribu kukumbuka."

Joviana akamwambia ni hitilafu tu, tunairekebisha sasa hivi, atachagua mwenyewe ianze na ya nani.

"Ya nani ya nini?" Mama akasema. "Wewe ukitokea unanihutubia presha na chumvi. Huyu Privatus ananieleza samaki ambao hawapo. Mimi sipati pa kuingiza neno. Hii inasikiliza."

Tukakaa kwenye benchi, kila mmoja upande wake. Namba zikatembea. Baada ya muda Mama akaanza kusema, hata sijui kama alikuwa anatuambia sisi. Akasema Baba aliipanda ile kahawa ya nyuma ya nyumba mvua ikinyesha, akiimba vibaya sana, na yeye akiwa mlangoni na mimba ya Joviana, akicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Sikuwahi kujua kwamba Baba aliimba. Joviana pia hakujua. Alijipangusa macho na ncha ya kitenge akidhani simwoni.

Nilisahau samaki kwa mchana mzima.

Wakati wa kuondoka tulikubaliana mbele ya Mama: mashine ibaki hivyo hivyo, na kuanzia wiki ijayo tuje kila Jumamosi, wote wawili, kwa gari moja, baada ya chai. Tukapeana mikono. Nilijisikia mtu mpya. Bonde lote lilikuwa limetulia chini ya ukungu.

Jumamosi, 23 Novemba.

Niliamka kabla ya jogoo. Nikapanda gari la kwanza la Muleba, linalopita Izigo, usingizi bado machoni, migomba ikipita dirishani kama watu waliojifunika mablanketi. Joviana angenipitia baada ya chai kama tulivyokubaliana, angenikosa, angekuja peke yake. Angenikuta nimeshaketi karibu na Mama, nimeshasikia habari mbili tatu za Baba ambazo yeye hatazijua kamwe.

Nikashuka Izigo. Nikapita katikati ya kibanja kimya kimya, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nikasukuma mlango.

Joviana alikuwa ameketi jikoni na Mama, amevaa kanga ya Mama, anamenya ebitoke. Alikuja jana baada ya kazi. Alisema alihofia mvua ingeharibu barabara. Walikuwa wanacheka kitu, na walipoulizwa ni nini wakasema ni hadithi ndefu, imeshapita.

Tulikula vizuri. Jioni Joviana alinirudisha mjini. Akaniuliza nitakwenda lini tena. Nikasema Jumamosi, si ndivyo tulivyokubaliana? Akasema naye ni Jumamosi.

Naenda Alhamisi.