Kidole Gumba cha Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Picha nne. Wiki tatu, picha nne! Zinatakiwa ishirini na nne, na mhariri anazitaka Jumamosi saa sita mchana. Ni kitabu cha hadithi cha watoto wa darasa la pili, na jina langu litakuwa kwenye jalada. Shangazi, aliyenilea kwa kukanyaga cherehani na ambaye bado naishi kwake, amekwisha kuondoa birika kwenye rafu ya sebuleni ili kitabu kipate pa kukaa. Birika sasa liko sakafuni. Nimelipiga teke mara mbili.

Mhariri kapiga simu. Kasema, kwa upole wa kutisha, kwamba nikichelewa kazi itahamia meza ya pili. Meza ya pili ni ya mwanamke ninayechangia naye ofisi, ghorofani juu ya fundi viatu. Mimi humwita Bibi Tabaka. Kila anachochora kwenye kompyuta hukiweka kwenye tabaka lake, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya nyingine, na kila tabaka hulipatia jina. Jani la kushoto. Kivuli cha jani la kushoto. Mtu mzima! Na bado saa kumi huwa amemaliza, anakwenda zake kwao akipiga mluzi.

Nimetafakari sana. Tatizo si kipaji, ni mpangilio. Nimechora ratiba ya kuongeza kasi. Nimeitia rangi, nikaweka na vivuli. Imependeza mno. Imechukua siku nzima.

Picha: bado nne.

Jumanne, 4 Machi

Adui nimemjua. Nimejipima kwa saa, na katika kila saa moja ya kazi, dakika arobaini zinaishia kwenye mikono ya watu. Vidole vitano kila upande! Aliyepanga hivyo hakuwafikiria wachoraji.

Suluhisho: ghala la mikono. Unachora mkono mmoja, kwa ubora wa hali ya juu, mara moja tu. Baada ya hapo unaunakili. Unaugeuza, unaupunguza, unaubadilisha rangi, unaubandika. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Nimemwomba Shangazi anikalie na mkono wake mezani. Juzi sindano ya cherehani ilimchoma kidole gumba, kwa hiyo kina plasta. Kauliza kama aibandue kwanza. Nimemwambia asijisumbue, nitaifuta baadaye. Nimechora kila kitu: mikunjo, kucha, makovu ya sindano za miaka arobaini, plasta na vitundu vyake. Sijawahi kuchora mkono mzuri kama ule. Shangazi kautazama, kisha kasema sasa ndiyo anaelewa kwa nini vidole vinamuuma. Kaenda kupika. Nimeona fahari, nakiri.

Jumatano, 5 Machi

Picha tisa kwa siku moja, zote kabla ya saa tisa alasiri! Mwalimu, mpishi, mapacha, mzee mwenye ng'ombe, wote wamepata mikono. Nabandika kama mtu wa posta anavyopiga mihuri.

Kikwazo kimoja. Kompyuta imelemewa, inanguruma kama inataka kuzaa. Nimepata dawa yake pia. Jioni, kabla ya kufunga, nabana matabaka yote ya kila picha yawe moja. Faili linakuwa jepesi kama unyoya.

Bibi Tabaka kaniona, kaacha mluzi. Kanionya kwamba matabaka ukishayabana na kuhifadhi, hayatenganishiki tena, sasa nitarekebishaje? Nimemjibu kwamba anayehitaji kurekebisha ni yule aliyekosea. Kasema yeye huanza na vijipicha vidogo vya penseli, anamwonyesha mhariri, wakikubaliana ndipo anapaka rangi, na huwa anapaka rangi moja kwenye picha zote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana saa kumi anakwenda nyumbani. Nimemshukuru kwa hotuba. Wivu huo!

Alhamisi, 6 Machi

Mwizi nimemkamata. Saa tisa alasiri, mchana kweupe, nimemkuta Bibi Tabaka kwenye kompyuta ya ofisi, ile tunayohifadhia kazi zetu wote, ananakili folda yangu! Nimepaza sauti hadi fundi viatu kapanda juu na nyundo mkononi. Bibi Tabaka kasema, bila hata kugeuka, kwamba hunakili kazi za meza zote mbili kila siku saa tisa, tangu siku umeme ulipomlia kazi ya mwezi mzima. Nimemwambia hadithi hizo azipeleke kwa mhariri wa hadithi. Fundi viatu kacheka. Sijui alikuwa anamcheka nani.

Haidhuru. Picha kumi na moja leo, tatu za mwisho nimezimaliza baada ya ile vurugu. Jumla ishirini na nne! Nimezibana zote, nimezituma saa kumi na mbili jioni. Nimetangulia karibu siku mbili. Nimemwambia Shangazi aandae rafu. Kasema rafu iko tayari tangu Jumapili, birika ndilo linalosumbua.

Ijumaa, 7 Machi

Mhariri kapiga simu saa tatu asubuhi. Kauliza kama watu wa kijiji hiki ni wagonjwa, na kama ugonjwa wenyewe unaambukiza.

Sikumwelewa. Kanisomea moja moja. Mwalimu ana plasta kwenye kidole gumba. Mpishi ana plasta. Mapacha, plasta. Mzee wa ng'ombe, plasta. Ukurasa wa kumi na mbili watu kumi na sita wanapunga mkono, plasta kumi na sita. Tumbili pia. Halafu akashusha sauti akauliza kwa nini mtoto mchanga wa ukurasa wa kumi na tisa ana mkono wa bibi wa miaka sabini.

Nilisahau kuifuta. Lo! Niliisahau kabisa.

Kasema saa sita ya kesho iko palepale, na meza ya pili iko palepale pia.

Nimefungua picha. Tabaka moja tu kila picha! Mkono umegandana na shati, shati na ukuta. Ukifuta mkono wa mzee, ng'ombe anaondoka nao. Nimeshika tama. Nimefikiria ile rafu, na Shangazi aliyekwisha kuwatangazia wateja wake wote, hata wale waliokuja kupunguziwa suruali tu. Niliogopa. Nikisema sikuogopa nitakuwa najidanganya.

Bibi Tabaka kaja na flashi, kaiweka juu ya meza yangu, karudi kukaa. Picha kumi na saba ziko ndani, tisa alizonakili juzi na nane za jana, na matabaka yake yote, kama zilivyokuwa kabla sijazibana. Kila mkono uko peke yake. Na ameipa majina! Mkono wa shangazi 1. Mkono wa shangazi 2. Mpaka 58. Kasema niondoe huo mmoja na nichore mikono halisi, nianze na wale kumi na sita, na zile tatu za baada ya saa tisa pole sana.

Nilitaka kumwomba radhi. Lakini ingenipotezea muda.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechora mikono tangu jana asubuhi mpaka giza lilipoingia, na leo tangu alfajiri. Fundi viatu kanikopesha mkono wake, wenye gundi na kucha moja nyeusi. Mapacha nimewapa vidole vya Bibi Tabaka, kakaa robo saa nzima bila kulalamika. Zile picha tatu nimezirudia upya, yaani mbili. Ya tatu, ya mtoto mchanga, ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Nimeituma ilivyo. Liwalo na liwe!

Mhariri kapiga simu alasiri. Amepokea. Mtoto mchanga kamwona, kasema atamwacha, maana wino hausubiri. Kasema mikono mingine ndiyo kitu bora kuliko vyote kitabuni. Nikavimba kichwa. Halafu kasema vitabu sita vinavyofuata amempa Bibi Tabaka, naye kaomba mimi nimsaidie. Kwenye mikono.

Jumatatu, 10 Machi

Mhariri kaleta nakala ya kwanza ya majaribio. Jina langu liko kwenye jalada, herufi zote zimo!

Shangazi kafuta mikono kwenye khanga kabla ya kuipokea. Kafunua ukurasa mmoja mmoja, kama anayekagua mshono wa mtu mwingine. Ukurasa wa kumi na tisa kasimama. Nikaanza kujieleza: muda, umeme, tabia za watu wa meza ya pili. Hakunisikiliza. Kaweka kidole gumba chake kando ya kidole gumba cha yule mtoto. Plasta kwa plasta. Kasema miaka arobaini ameshona nguo za watu na hakuna hata moja yenye jina lake, lakini huyu hapa ni yeye, na ole wangu nikimgusa. Kisha kapenga kamasi, kaweka kitabu kwenye rafu, kisimame wima.

Nimeyapima yote haya kwa utulivu na nimefikia uamuzi. Ghala la mikono limefaulu. Kosa langu lilikuwa kuanza na mikono, ambayo watu huitazama. Miguu hakuna anayeitazama. Kitabu cha pili kina watoto arobaini wanaocheza mpira pekupeku: miguu themanini, na mimi nitachora mmoja. Bibi Tabaka sijamwambia bado, nataka iwe zawadi.

Nimemwomba Shangazi anikalie na mguu. Kaja akichechemea. Jana kajikwaa kwenye birika, kidole gumba kimevimba na amekifunga bandeji. Kauliza kama aifungue kwanza.

Nimemwambia asijisumbue, nitaifuta baadaye.