Insha Tatu za Kumpokea Wamuyu

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Kui amepiga simu kutoka Amerika. Wanakuja! Yeye na mtoto, Jumamosi tarehe 13, watakaa wiki mbili. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Niandike vizuri, maana jambo hili si dogo. Kui ni binti yangu. Mtoto anaitwa Wamuyu, ana miaka sita, ni binti yake wa pili. Wa kwanza alichukua jina la upande wa baba yake. Huyu akachukua la mke wangu, kama desturi yetu Wakikuyu ilivyo. Mke wangu amefariki, miaka minne sasa. Na kwetu, aliyepewa jina ndiye mwenyewe amerudi. Kwa hiyo anayekuja si mgeni. Ni mwenye nyumba.

Taabu ni hii: mwenye nyumba anaongea Kiingereza tu. Mimi Gathogo, mkulima wa viazi hapa Dundori, Kiingereza changu kiliishia darasa la saba. Mwaka jana aliniuliza kitu kwenye simu, uso wake umejaa kioo kizima. Sikuelewa hata neno. Nikasema neti imepotea, nikazima. Neti ilikuwa nzuri kabisa. Nimebeba aibu hiyo mwaka mzima na sijamwambia mtu.

Lakini nina mpango. Mwalimu wetu wa darasa la saba alitukaririsha insha moja ya Kiingereza, jina lake Safari. Mtihani ukisema andika kuhusu siku usiyoisahau, unaandika Safari. Ukisema andika kuhusu ng'ombe wenu, ng'ombe anapanda basi na Safari inaanza. Darasa zima tulipita. Kuna watu wamekuwa wakubwa serikalini kwa insha ile.

Sasa Cheptoo, binti anayefundisha ngumbaru sisi watu wazima katika ukumbi wa kanisa, ametangaza mada za Kiingereza za mwezi huu: Masomo, Safari, Mazingira. Nitakariri insha tatu. Mtoto akiuliza lolote lililo chini ya jua, litaangukia mojawapo. Litaenda wapi kwingine?

Jumatano, 3 Desemba

Ngumbaru. Cheptoo aliniuliza kwa Kiingereza nina ng'ombe wangapi. Nikapima. Ng'ombe, hiyo ni Mazingira au ni Safari? Mazingira sikuwa nimeimaliza. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaanza Safari: asubuhi moja jua lilitabasamu, ndege wakaimba, basi likanguruma kama simba. Nilifika mpaka Mombasa, mahali ambapo sijawahi kukanyaga.

Cheptoo ana adabu, aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, "Mzee, insha ni poa sana. But mimi nilitaka tu kujua ni ng'ombe wangapi."

Ni wawili. Ningesema wawili.

Aliyecheka kuliko wote ni Kihara, jirani yangu. Alifanya kazi Olkaria miaka thelathini kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, pamoja na wahandisi wa nchi za mbali, na Kiingereza chake hakina breki. Mtu kama huyo anatafuta nini ngumbaru? Anasema anapitisha wakati. Najua anachokuja kufanya. Anakuja kunitazama.

Cheptoo alinishauri nitumie sentensi fupi, nisikilize kwanza, na nisipoelewa niulize. Nimeuandika ushauri wake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Ukurasa huo sina haja nao kwa sasa.

Jumatatu, 8 Desemba

Mazingira imeingia kichwani, aya zote sita. Nakariri nikikamua. Ng'ombe mmoja ameanza kuzuia maziwa nikifika kwenye flamingo.

Flamingo ndio moyo wa insha. Wanafunika Ziwa Nakuru lote, maji yanakuwa ya waridi. Kihara alinisikia kutoka upande wake wa ua, akasema flamingo wengi walihama zamani maji yalipopanda, wakaenda Bogoria. Nikamwambia mimi nimeshawakariri, hawawezi kuhama tena.

Hapo ndipo nilipoona hatari yenyewe. Jumamosi Kihara atakuwa amesimama langoni kwangu! Atafungua kile Kiingereza chake cha mvuke, na mimi nitabaki pale kama nguzo ya ua. Mtoto atadhani yeye ndiye babu.

Bahati nzuri mimi ni katibu wa wazee wa kanisa. Jumamosi hiyohiyo kuna ziara ya kuwatembelea waumini wa Kabazi. Kutoka asubuhi na mapema, kurudi jioni. Nimeandika jina la Kihara la kwanza kabisa. Nilipompa habari alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Dada yake ameolewa Kabazi na hajamwona tangu Pasaka. Aliniita ndugu. Nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 13 Desemba

Maafa.

Aliyekuwa awachukue Kui na mtoto mjini Nakuru ni Omolo, dereva wa gari la kanisa. Gari la kanisa lilienda Kabazi. Aliyeandika barua ya gari liende Kabazi ni katibu. Katibu ni mimi. Nilikumbuka saa nne nikinyoa ndevu, nikajikata. Nikampigia Omolo.

"Mzee, si ni wewe ulinisain?" akasema. "Tulia. Tukirudi tutawapitia."

Wakawapitia. Kwa hiyo Wamuyu wangu amepanda mlima wote huu, kutoka Nakuru hadi mlangoni kwangu, akiwa amekaa kiti kimoja na Kihara!

Nilikuwa langoni, suti ya harusi, pamba kwenye kidevu. Mtoto akateremka. Hapa lazima niandike ukweli. Ana paji la uso la mke wangu. Na ule mdomo unaobana kidogo kabla ya kusema, ni uleule. Nikashika lango. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Swali! Nikamwahi.

Mazingira. Aya zote sita, bila kukosea hata mahali pamoja. Mtoto alifunga mdomo, akaufungua, akaufunga tena. Kui alikuwa ananipungia mkono kutoka garini, nikajua ananitia moyo, nikaongeza sauti. Nilipofikisha flamingo wa mwisho majirani walipiga makofi. Mtoto akaenda kusimama nyuma ya sketi ya mama yake. Uchovu wa ndege, bila shaka.

Kwa jumla, ushindi.

Jumapili, 14 Desemba

Haukuwa ushindi.

Baada ya ibada Kui alinikalisha nyuma ya ghala la viazi. Mtoto alikuwa ameniandalia maneno. Kwa Kikuyu! Miezi minne anajifunza, kila jioni kabla ya kulala, maneno machache tu ya kumsalimia guka yake, yaani babu. Kui alinificha kwa sababu ilikuwa iwe zawadi. Jana ndani ya gari mtoto aliomba kufanya mazoezi, na Kihara akamsikiliza njia nzima, akamrekebisha matamshi. Lakini alipofika kwenye neno la mwisho Kihara aliziba masikio. Akamwambia hilo ni la guka yako peke yake, mimi sitaki kulisikia.

Sasa mtoto anakataa kuyasema. Anamuuliza mama yake kama guka amemkasirikia.

Nililia. Sikuficha. Mke wangu angekuwepo asingenisemesha siku mbili, na angekuwa na haki.

Kui hakutaka mambo mengi. "Baba, wewe nyamaza tu," akasema. "She'll say it akiwa tayari." Kunyamaza! Hata viazi vinaweza. Nimemwahidi.

Lakini jioni nimefikiri zaidi. Akishasema, je? Mtu hapokei zawadi kama hiyo halafu akabaki amekodoa macho. Lazima kuwe na jibu, na liwe jibu la heshima, lililoandaliwa. Nimeanza kuinoa Safari.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimenyamaza siku tatu. Mtoto akiingia jikoni, mimi kimya. Akija zizini, mimi kimya. Naye akiona guka yuko kimya, ananyamaza. Tumekaa hivyo kwenye benchi moja tukitazama kuku, watu wawili wenye mengi ya kuambiana, hakuna hata mmoja aliyekohoa. Kui amepita mara nne kututazama.

Leo nikampeleka ukingoni mwa mlima kuona ziwa kwa mbali. Kihara naye akajileta na fimbo yake. Mtoto alipoliona ziwa aliuliza kitu, nikashika neno moja ndani yake: flamingo. Basi nikanyoosha kidole kwenye kitu cheupe kule chini. Kihara akamweleza kwamba ile ni nailoni ya nyumba ya kuoteshea nyanya, na kwamba flamingo wako Bogoria. Nilingoja mtoto anidharau. Hakunidharau. Alicheka mpaka akakaa kwenye majani, na mimi nikacheka, ingawa ni Kihara aliyekuwa amenishinda.

Tukishuka njia ilikuwa na tope, akanipa mkono. Mkono mdogo, wa moto. Kihara akatangulia mbele sana, nadhani makusudi. Kisha nikasikia mtoto amevuta pumzi, vilevile kama siku ile langoni. Yanakuja! Kazi yangu ilikuwa moja tu.

Nilinyamaza hatua kumi nzima. Naye alikuwa bado anajiandaa. Ndipo nikaingiwa na hofu kwamba jibu langu litanitoka kichwani kabla hajamaliza. Nikajaribu mstari wa kwanza, polepole, kwa ndani. Nadhani ulitoka nje. Mstari wa kwanza wa insha huvuta wa pili, kila aliyekariri anajua. Mtoto alinisikiliza kwa heshima kubwa. Nilipofika Mombasa tulikuwa tumeshafika nyumbani.

Jumamosi, 27 Desemba

Wameondoka.

Tuliwasindikiza hadi Nakuru, mahali ambapo gari za Nairobi hupakia watu. Kihara alikuja kubeba mizigo, sikumwomba. Kelele nyingi, watu wanavutana na mabegi. Mtoto alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani. Akaurudisha chini. Akaja akanivuta koti. Nikainama.

Akayasema. Kwa Kikuyu, sauti ndogo, kila neno mahali pake: Guka, ni mimi Wamuyu. Nimerudi. Umekula?

Umekula. Ndivyo mke wangu alivyoniuliza kila niliporudi kutoka shambani, miaka thelathini, kabla hata ya salamu. Sijui Kui alikumbuka vipi. Miaka minne hakuna mtu aliyeniuliza. Nilielewa yote, kila kipande, bila kutafuta. Na sikuwa nimekula. Chai ya asubuhi ilinishinda kwa huzuni. Jibu lilikuwa neno moja, na neno hilo ninalo tangu kuzaliwa.

Lakini mimi ni mtu aliyekuwa amejiandaa.

Nikanyoosha mgongo, nikafunga kifungo cha koti. Asubuhi moja jua lilitabasamu, ndege wakaimba. Kui alijifunika uso kwa mikono. Mtoto alisimama akinitazama, akingoja nifike kwenye chakula. Hakuna chakula ndani ya Safari. Dereva alipiga honi nikiwa aya ya tatu, basi langu halijafika hata Voi, na Kui akambeba mtoto akamwingiza. Mtoto alinipungia kwenye kioo mpaka gari lilipokata kona. Mimi pia nilipunga. Mdomo ulikuwa bado unaendelea.

Kihara hakucheka. Alinipeleka kibandani, akaniagizia chai na mandazi mawili, akakaa akinitazama nikila.

Jumapili, 28 Desemba

Nimeliwaza jambo hili usiku kucha na nimeliona kosa. Ni aibu kwamba sikuliona palepale. Kosa lilikuwa mada. Mtoto aliuliza swali la chakula, mimi nikamjibu kwa Safari.

Baada ya ibada nimemwendea Cheptoo. Alianza kusema mambo ya kusikiliza, nikamwambia tutayafikia. Januari anaanza mada mpya: Michezo, Afya, na Chakula. Michezo na Afya wachukue wengine. Nimeandikisha jina langu la kwanza kabisa, juu ya la Kihara.

Kui anasema watarudi baada ya miaka miwili, Mungu akipenda. Mtoto ataniuliza tena kama nimekula, na safari hii hatanipata hivihivi. Atanikuta na aya tisa.