Fomu Namba Kumi na Nne

Baraza la Mji lilitangaza, kwa fahari kubwa na kipaza sauti kibovu, kwamba kufikia mwisho wa mwaka wa fedha ujira wa mwanamke na mwanamume utakuwa sawa mji mzima. Kwa ajili hiyo iliundwa Kamati ya Usawa wa Ujira, chini ya Mkurugenzi mwenyewe. Wajumbe walikuwa tisa, wote wanaume, maana suala lilikuwa zito na haikuwa haki kuwatwisha wanawake.

Mama Spana hakulisikia tangazo. Saa hiyo alikuwa ndani ya shimo nyuma ya zahanati, matope hadi magotini, akiziba bomba kuu lililopasuka. Juu ya shimo alisimama shemeji yake, mdogo wa mumewe, mikono nyuma, viatu vinang'aa. Mama Spana ndiye aliyemfundisha kushika spana. Sasa shemeji alikuwa Fundi Mkuu wa Maji, na Mama Spana, baada ya miaka kumi na mmoja, alikuwa Msaidizi wa Muda wa Fundi, kwa nusu ya mshahara wa shemeji.

"Shem, hapo kaza zaidi," shemeji alielekeza.

"Nikikaza zaidi utaogelea. Nipe ule mpira, unyamaze."

Shemeji akampa, akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepandishwa cheo tu.

Mama Spana alikwisha kuandika barua tatu kuomba cheo. Ya kwanza ilijibiwa kwamba inashughulikiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba ya kwanza bado inashughulikiwa. Ya tatu ilirudi na swali: je, mume wake ana habari?

Mumewe, fundi cherehani, aliisoma mara mbili. "Waambie ninazo," alisema. "Na wanao wanazo. Hata mwenye nyumba anazo."

Kamati nayo haikulala. Kikao cha kwanza kilichagua rangi ya fulana. Cha pili kilibaini kwamba hakuna mwanamke anayelipwa chini ya mwanamume mwenye cheo sawa na chake, kwa sababu hakuna mwanamke aliyepewa cheo hicho. Kamati ikajipigia makofi, ikataka kufunga kazi. Ila wafadhili walidai ushahidi, na ndipo Mkurugenzi alipobuni Tathmini ya Uzito wa Kazi.

"Hatupimi mtu, tunapima kazi!" alisema. Kila mtumishi, kuanzia mfagizi hadi Mkurugenzi, angeandika alichofanya wiki nzima. Fomu isingekuwa na jina, cheo wala jinsia, namba tu. Daraja litakalotolewa litakuwa la mwisho, halina rufaa. Kifungu hicho cha rufaa alikiweka mwenyewe, kwa kuwa aliwajua wanawake kwa kulalamika.

Karani wa masijala alimletea Mama Spana fomu wakati wa chakula cha mchana, akamkuta ameketi juu ya sanduku la vifaa.

"Jaza, mama."

"Baba, nimeshaandika barua tatu. Kalamu yangu imechoka."

"Hii haina pa kuandika jina."

Mama Spana akaacha kutafuna. Akaigeuza fomu mbele na nyuma. Kweli. Kwa mara ya kwanza karatasi ya Baraza haikumuuliza yeye ni mke wa nani. Akapangusa mikono kwenye ovaroli, akaandika mpaka nafasi ikaisha, akaendelea pembeni.

Mkurugenzi hakuwa na nafasi ya kujaza. "Andika ninachofanya," alimwambia karani, akatoka. Karani alikuwa mtu mtiifu. Miaka ishirini hajaongeza neno wala kupunguza neno. Akaandika anachofanya.

Siku ya kutoa madaraja, ukumbi ulijaa watumishi na waandishi wa habari. Mkurugenzi alisoma fomu kwa sauti yake ya sikukuu.

"Namba kumi na nne. Jumatatu: niliziba bomba la zahanati, aliyekuwa anajifungua akapata maji. Jumanne: nilizibua mtaro wa soko kwa mkono, mashine ni mbovu. Jumatano: nilitengeneza mashine. Alhamisi: nilimwelekeza mkubwa wangu namna ya kuandika ripoti ya kazi niliyoifanya." Akapiga meza. "Huyu ni dume la kazi! Daraja la Kwanza. Awe Mkuu wa Karakana. Muhuri!"

Nyuma kabisa, Mama Spana alishika kiti cha mbele yake.

"Shem," shemeji alinong'ona, macho kwenye viatu vyake, "huyo ni wewe."

"Nyamaza, wasije wakasikia sauti ya kike."

"Namba thelathini na moja," Mkurugenzi aliendelea. "Jumatatu: alikaa. Jumanne: alisaini pale alipoonyeshwa. Jumatano: alizindua choo cha stendi. Alhamisi: alikizindua tena, kwa kuwa Jumatano mpiga picha alichelewa. Ijumaa: alisafiri kwenda semina ya kubana matumizi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka, alikuwa na uchungu na mali ya umma. "Kupe huyu! Daraja la Mwisho. Awe kibarua wa karakana, alipwe kwa siku aliyofanya kazi, na mkuu wa karakana ashuhudie. Muhuri!"

Wajumbe wote wakasaini. Ndipo karani akafungua daftari la namba.

"Kumi na nne: Msaidizi wa Muda wa Fundi. Mwanamke."

Ukumbi mzima ukageuka nyuma. Mkurugenzi akautazama muhuri, wino haujakauka.

"Thelathini na moja." Karani akafuta miwani. "Mkurugenzi."

"Hayo ni makosa ya uchapaji."

"Nimechapa mwenyewe, mheshimiwa."

"Basi nakata rufaa!"

"Kwa nani, mheshimiwa?"

Kesho yake magazeti yalimsifu kiongozi wa kwanza kujishusha daraja kwa ajili ya wanawake. Wafadhili wakampa ngao. Baada ya sifa kama hizo, hakukuwa na namna ya kupanda tena bila kuonekana. Wanawake ishirini na wawili walipanda madaraja, akiwemo mpishi wa Baraza. Shemeji alipata Daraja la Tatu, akarudi shimoni; na kusema kweli, mkono wake ulikuwa mzuri.

Jioni ya siku ya kwanza vibarua walipanga foleni karakana ili kazi zao zisainiwe. Wa mwisho alikuwa amevaa suti yake ya ukurugenzi.

"Leo umefanya nini, baba?" Mama Spana aliuliza, bila kejeli, kama alivyowauliza wenzake wote.

"Nimefungua mkutano."

"Umeufunga?"

Mkurugenzi akafikiri. "Bado unaendelea."

Mama Spana akafunika kalamu yake. "Kazi nusu hapa hatusaini. Nenda kaumalize, uje kesho."