Niliyemeza Kete Ni Mimi

Jumatatu, 4 Machi
Maktaba ya mtaa imebandika ukutani mashairi mawili ya kumkumbuka baba wa enzi za utoto. Jumamosi mkutubi atayasoma, watu wayalinganishe. Moja la binti yangu. La pili la mtoto wa kinyozi, jirani yangu na adui yangu wa dama. Nikavaa miwani, nikaenda kujisoma.

Lo! La kinyozi: baba ni mlima, baba ni taa, baba ni nguzo. Kinyozi huyu huyu aliyenikata sikio! La kwangu mimi: baba aliiba kete yangu ya dama, akaificha shavuni, nikamtekenya, akaimeza, tukacheka mpaka mama akatufukuza sebuleni.

Nimelisha, nimesomesha, nimeambulia kete!

Jumatano, 6 Machi
Nimemwomba binti aniongezee mlima. Hata kilima. Kasema mlima haujawahi kumchekesha. Basi aweke simba, nimuue! Kauliza simba gani, baba, na panya akipita unapanda mezani.

Sikubali. Nikifa nikumbukwe kwa wizi wa kete? Haki ya nani, mlima nitaupata.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeupata! Majina ya watunzi yapo kwenye vikaratasi chini ya mashairi. Mkutubi kaenda kunywa chai, nikavibadilisha. Sasa mlima ni mimi, mwizi ni yeye. Akili ni nywele, na leo kinyozi kanyolewa.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa. Mlima umesomwa, watu wakapiga miayo. Mmoja akasema baba wa hivyo hata hakohoi. Ikasomwa kete. Watu mbavu hawana! Bibi mmoja akafuta machozi, akasema huyo sasa ndiye baba. Wote wakamgeukia kinyozi.

Kwanza akakana. Makofi yalipozidi, akainama, akasema eti ujana una mambo. Mwanawe yuko safarini, wa kumsuta hayupo. Binti yangu ananitazama tu, kiganja mdomoni, mabega yanacheza.

Nikavumilia. Kinyozi akaanza kusimulia kete ilivyomkwama kooni. Kete yangu! Koo langu! Nikapanda juu ya kiti: mwizi ni mimi! Niliyemeza ni mimi, ilikuwa nyeusi, nikaisukuma kwa jagi zima la maji! Mkutubi akauliza, na majina yamehamaje? Nikasema hilo nalo ni mimi. Makofi mara mbili ya yale ya kinyozi!

Binti akanishika mkono. Akasema haya, mlima wangu, shuka taratibu usije ukavunjika.

Jumapili, 10 Machi
Kinyozi kaja kulipiza kisasi kwa dama. Nimeapa mbele ya binti kwamba ujanja nimeacha. Nimeshinda. Kinyozi anahesabu kete zake, anarudia kuhesabu, anauliza mbona mzee leo husemi, unaandika tu.

Binti kasimama nyuma yangu. Kakinga kiganja chini ya kidevu changu. Anasema baba, tema. Natikisa kichwa. Sasa anakunjua vidole vya kutekenya, na mbavu zangu anazijua tangu utotoni.

Sitemi!