Uso wa Mjomba Usionekane

Jumatatu, 6 Mei

Mwalimu wa Uraia ametupa kazi. Filamu ya hali halisi, dakika tano, kuhusu uamuzi wowote wa serikali na jinsi ulivyowagusa watu. Zitaonyeshwa Ijumaa ukumbini, wazazi wakiwepo. Nimechagua sera ya dawa za kulevya. Darasa zima likageuka kunitazama. Nilijisikia vizuri sana.

Kalamu Tatu amechagua kodi ya mbao. Tunamwita hivyo kwa sababu hubeba kalamu tatu mfukoni na haazimi hata moja. Baba yake ana karakana ya useremala, basi kazi yake ni kuelekeza simu tu. Simu yenyewe mpya. Mimi nina ya Mama, ambayo huzimika ukiishika upande wa kushoto.

Lakini mimi nina Mjomba! Mjomba alifungwa miaka mitatu kwa msokoto mmoja wa bangi. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa: anayekutwa na kidogo cha kuvuta mwenyewe apelekwe kliniki, si gerezani. Rafiki yake akakamatwa na msokoto kama uleule. Vikao sita vya ushauri nasaha, akarudi kwake. Leo anaendesha gari la hospitali. Mjomba alitoka mwezi uliopita na analala kwenye kochi letu, miguu nje.

Kuna kikwazo kidogo. Leo Mjomba ameanza siku tano za majaribio katika karakana hiyohiyo ya baba yake Kalamu Tatu. Mwenye karakana hajui habari za gerezani. Mama amesema akijua, kazi hakuna, na kochi tutaliaga. Ijumaa mwenye karakana atakuwa ukumbini.

Kwa hiyo Mjomba ataonekana bila kuonekana. Nimeshapanga.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwenye ofisi ya serikali baada ya masomo, na sare yangu imepigwa pasi. Nilimwambia mlinzi nimekuja kuipiga picha sera. Akasema afisa wa sera ametoka. Nikamweleza kwa adabu kwamba sihitaji afisa, nahitaji sera. Akasema afisa ametoka nayo.

Nimepiga picha mlango.

Mjomba amekubali kuhojiwa, ila anataka uso wake uonekane. Hajui chochote kuhusu utengenezaji wa filamu. Bibi naye amemuunga mkono, akasema mficha maradhi kifo humfichua. Nilimkumbusha kwamba Mjomba haumwi. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 8 Mei

Tumepiga picha! Nilitundika mablanketi mawili dirishani, nikaweka taa nyuma ya kichwa cha Mjomba. Ukitazama unaona umbo jeusi tu, limezungukwa na mwanga. Kitaalamu kabisa. Joto lilikuwa la tanuri. Mjomba alitiririka jasho mpaka likasikika likidondoka kwenye kiti.

Bibi aliingia kutafuta miwani. Akaona giza linaongea. Alitoka bila miwani na bila kandambili moja.

Mjomba alizungumza vizuri, lazima nikiri. Alisema gerezani hakukumuuma kama fomu za kazi zinavyomuuma. Jina anaandika, umri anaandika, akifika kwenye swali la mwajiri wa mwisho mkono unasimama. Kisha akaniomba nifungue dirisha. Nilimweleza kwamba tunafanya yote haya kwa faida yake. Akasema hata hakimu alimwambia hivyo.

Halafu akasema hivi, nanakili kama alivyosema:

"Mwanangu, nimekaa gizani miaka mitatu. Na huku nje nako unanizibia dirisha?"

Sentensi nzuri mno. Niliirekodi. Dirisha sikufungua.

Alhamisi, 9 Mei

Sauti. Mwenye karakana anaijua sauti ya Mjomba, kwa hiyo nimeibadilisha. Programu ya simu inatoa mtoto, mzee, roboti na zimwi. Mtoto aliyefungwa miaka mitatu angeleta maswali. Nimechagua zimwi.

Kalamu Tatu ameniuliza filamu yangu inahusu nani. Nimemjibu kwamba chanzo changu kinalindwa. Akasema baba yake anampenda fundi mpya, ila kuna kitu kinamsumbua. Nilitaka kuuliza ni kitu gani, lakini nisingempa raha hiyo.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya aibu. Naandika nikiwa chini ya shuka.

Kalamu Tatu alitangulia. Filamu yake nzima ni Mjomba! Mjomba anapiga randa, Mjomba anaunganisha miguu ya stuli bila msumari, mwanga wa dirisha usoni, penseli sikioni. Watu wakapiga makofi. Mwenye karakana akatabasamu.

Mara ikaja yangu. Umbo jeusi. Masikio mawili. Na katika sikio la kulia, wazi kama mlingoti, penseli.

Zimwi likanguruma kwamba lilifungwa miaka mitatu. Watoto wa mstari wa mbele wakalia. Fundi mmoja aliyekuja na mwenye karakana akauliza kwa sauti kama huyo si mwenzao. Mama akajifunika uso kwa mkoba. Mimi nikaishika simu iliyokuwa ikirusha filamu upande wa kushoto makusudi. Kwa mara ya kwanza haikuzimika.

Ndipo Mjomba akasimama katikati ya ukumbi.

"Ni mimi," akasema. "Mwalimu, naomba hilo zimwi lizimwe. Nitasema mwenyewe."

Akasema yote: msokoto, miaka mitatu, sheria iliyobadilika akiwa ndani, na kwamba useremala alijifunzia hukohuko. Hakupaza sauti. Hata watoto walinyamaza. Mwenye karakana alitoka bila kuaga mtu.

Nyumbani hakuna aliyenisemesha. Mjomba peke yake aliniletea chai, ndiyo mbaya zaidi.

Jumamosi, 11 Mei

Mwenye karakana amekuja asubuhi. Nimesikiliza kutoka jikoni.

Alimwambia Mjomba kwamba wiki nzima alijiuliza inakuwaje mtu mwenye mikono ile hana mwajiri hata mmoja wa kumsemea. Alikuwa ameshaamua kwamba ni mwizi. Jana jioni alikusudia kumwambia asirudi.

"Kumbe msokoto mmoja," akasema. "Si ungeniambia Jumatatu, bwana, nikalala usingizi?"

Mjomba akasema alitaka. Familia ilimshauri vinginevyo.

Anaanza kazi keshokutwa! Mama amelia. Bibi amesema nilitaka kumponza mwanawe kwa mablanketi yangu.

Jumapili, 12 Mei

Nimetafakari kwa utulivu, kama Mwalimu anavyotufundisha. Mjomba amepata kazi kwa sababu alijitokeza. Asingeweza kujitokeza kama hakuna mtu aliyemficha. Ni mimi niliyemficha. Hesabu ni nyepesi, ingawa Bibi anaikataa.

Kalamu Tatu amepata nafasi ya kwanza. Mimi nimepewa cheti cha juhudi. Waasisi huchelewa kueleweka.

Sasa nataka filamu ndefu: wote waliofungwa kwa sheria ya zamani, na wale walioitunga. Nimemwandikia Waziri barua ya kurasa mbili, mwandiko wangu bora, kumwomba mahojiano. Nimemhakikishia kwamba asiwe na wasiwasi wowote. Uso wake hautaonekana, na sauti atachagua mwenyewe.