Chelezo Nilichokitoboa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeficha jambo miaka kumi na moja. Naliandika kwa kuwa daktari haniambii tena kwamba nitapona, ananiuliza tu kama nimelala vizuri. Hadi mwaka jana nilifundisha uokozi katika chuo cha mabaharia. Chelezo chetu cha mpira, kile cha kuokolea watu meli ikizama, nilikitoboa mwenyewe, kwa kisu, nikionyesha jinsi ya kutokitoboa. Nikanyamaza. Tangu hapo, zoezi la kukigeuza kikipinduka majini nililifundisha ubaoni kwa chaki. Katika daftari niliandika kwamba kila mwanafunzi amelifanya nami nimemwona.
Mmoja wao ni mjukuu wangu. Anapanda meli Jumatatu ijayo.

Jumanne, 4 Machi
Amekuja mkaguzi kutoka kampuni ya meli. Aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Mabaharia wao wanatoka nchi nyingi, kila mmoja na mafunzo yake, na sasa kampuni inataka somo moja la uokozi kwa meli zote. Eti langu. Ulimi wa asali. Nani husafiri siku mbili kumsifu mgonjwa? Akaomba daftari la mazoezi. Nikasema limeliwa na mchwa. Akanipa pole, huku akitazama chini ya kitanda.
Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alimwandalia chai, akaketi kunywa naye. Mimi haketi nami. Wako pamoja hawa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia mjukuu asisafiri, nitakufa Jumapili. Akasema, Babu, mwezi uliopita ulikufa mara mbili, na mara zote ukaomba uji.
Nikaficha cheti chake cha uokozi ndani ya foronya; bila hicho hapandi meli. Haikupita saa, mkwe akaja kubadilisha foronya. Kwa kawaida hubadilisha Jumamosi. Nani kamtuma?

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi amerudi na daftari mkononi. Mkwe alilikuta chini ya godoro. Akanisomea mwandiko wangu: siku ya mafuriko, chuo kimefungwa, darasa zima limefanya zoezi na nimeliona. Nikasema lilikuwa darasa lenye bidii.
Hakucheka. Akasema yeye alikigeuza chelezo kwa mara ya kwanza baharini, meli ikizama. Watu wanne walikuwa majini wakimngoja aukumbuke mchoro wangu wa chaki.
Nikakiri. Kisu, tundu, yote. Sikujua kuwa mjukuu amesimama mlangoni. Akauliza, na mimi, Babu, ungenizika wapi?
 

Jumamosi, 8 Machi
Mkaguzi ameagiza wote niliowafundisha wapimwe upya, popote meli zao zilipo. Mjukuu ameanza leo, katika bwawa la chuo. Chelezo kipya. Nikapelekwa kwa kiti cha magurudumu, mkwe akinishikia mwavuli. Mwavuli wa nini? Anataka nisione vizuri.
Mjukuu alinijia akitiririka maji, anacheka. Amekigeuza, mara ya tatu. Babu, umeniona? Nikasema nimekuona, ila miguu uisimamishe karibu zaidi na chupa ya gesi inayokijaza. Akanikumbatia, nikalowa.
Mkaguzi akaniletea fomu nitie saini kama shahidi wa zoezi lake. Akasema, ni heshima yangu, Mwalimu. Nilimtazama sana. Mtego, bila shaka. Nikatia saini, kwa mwandiko mzuri kabisa.
Jua lilikuwa la kupendeza. Nilisinzia tangu walipoanza kukijaza chelezo upepo, nikaamshwa na kicheko chake.